Uzi maalumu: Kulazwa kwa hiari hospitali ya magonjwa ya akili (utaratibu, fomu, dawa, kutoka)

#1 NesiWaZamu

Wakuu, salaam. Swali la kujipeleka mwenyewe hospitali ya akili huulizwa mara kwa mara ndani ya nyuzi za mambo mengine, na majibu yanapotelea humohumo. Tuyaweke mahali pamoja. Watu wa dawa, sheria na ustawi wa jamii mkipita, ongezeni nyama. Visa vya shemeji na jirani tuviache, tubaki kwenye utaratibu.

La dharura kwanza. Kama muda huu una mpango wa kujidhuru, au umeshameza kitu, usiendelee kusoma. Mwite mtu aliye karibu, asikuache peke yako, na muende idara ya dharura ya hospitali yoyote iliyo karibu. Si lazima iwe ya akili. Sumu na majeraha hutibiwa kwanza, mengine yanafuata.

Sasa tuendelee na wengine. Kulazwa kwa hiari ni kwamba umeelewa unaingia wapi na kwa nini, na umekubali bila kushurutishwa. Lakini kutaka kwako peke yake hakukupi kitanda. Daktari anaweza kukwambia hapana, na hapo ndipo wengi wanaposhangaa.

Kitanda hupewa mtu ambaye matibabu ya kwenda na kurudi hayatamtosha. Daktari anapokusikiliza anapima mambo manne: hatari iliyopo kwako au kwa wengine, unavyoweza kujihudumia, yaani kula, kulala, kuoga, kumeza dawa, kama nyumbani kuna mtu wa kukuangalia, na kama wodini kuna kitu kitakachobadilisha hali, mfano kuanzishiwa dawa inayotaka uangalizi wa karibu. Anayesema "sijisikii vizuri, nimechoka" halafu akanyamaza, hupewa dawa na tarehe ya kliniki. Anayesema "usiku wa sita huu nalala saa mbili tu, tangu Jumatatu sijala chakula cha kueleweka, nasikia sauti inaniamuru, na vidonge vyangu vyote viko chumbani naviogopa" amempa daktari vitu vya kuandika kwenye faili. Huko si kuigiza ugonjwa, ni kuueleza kwa hesabu.

Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani, andika karatasi moja. Usitegemee kichwa, baada ya saa kadhaa kwenye benchi la mapokezi nusu ya mambo yatakuwa yamekutoka. Iwe na haya:

- saa ulizolala kila usiku kwa wiki iliyopita, na milo uliyokula
- kilichobadilika na tarehe kilipoanza (umeacha dawa, umejifungua, umefiwa, umeacha au umezidisha pombe)
- dawa zote, kipimo chake, na saa uliyomeza mara ya mwisho
- mzio wa dawa, na magonjwa mengine ya mwili
- ulishawahi kulazwa lini, na dawa gani ilikusaidia au ilikuletea shida
- namba za simu za watu wawili, mmoja awe anayejua hali yako

Milango ya kuingilia ni miwili. Kliniki ya wagonjwa wa nje, asubuhi siku ya kazi, ukiwa na barua ya rufaa. Na dharura, saa yoyote. Kama hali inakuruhusu kuchagua, chagua asubuhi. Daktari bingwa yupo, maabara iko wazi, na vitanda vinavyoachwa na walioruhusiwa kwenye raundi (madaktari wanapopita kuwaona wagonjwa wodini) huanza kupatikana mchana. Usiku kuna daktari wa zamu, na kazi yake ni kulaza wasioweza kungoja kukuche.

Piga simu kwanza. Uliza kama kuna kitanda cha jinsia na umri wako, kama wanapokea bila rufaa, na kama ni lazima uje na mtu. Hili la tatu huwarudisha watu getini bila sababu ya msingi.

#2 DoziKamili

Nesi umeanza vizuri. Naingia kwenye dawa, maana huko makosa hayapigi kelele.

Beba dawa zenyewe kwenye pakiti zake, usihamishie kwenye chupa moja. Hutazimeza wodini, utazikabidhi, ila lebo inamwambia mfamasia jina, nguvu ya kidonge na tarehe ya kuchukuliwa. "Kidonge cheupe kidogo cha usiku" hakimsaidii mtu. Kama unachoma sindano ya mwezi, kinachotakiwa ni tarehe ya sindano ya mwisho, basi njoo na kadi.

Dawa ambazo huwezi kuzizembea:

Lithiamu (dawa ya wanaopanda na kushuka sana kihisia). Kipimo cha damu huchukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Ukimeza asubuhi ile ile halafu ukatolewa damu, jibu litasoma juu na utapunguziwa dozi uliyokuwa unaihitaji. Kiwango kinacholengwa kwa kawaida ni kama 0.6 hadi 1.0 mmol kwa lita, na kuanzia 1.5 sumu inaanza kuonekana. Kuharisha, kutapika, kutokunywa maji, na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki hupandisha kiwango. Ukiona mikono inatetemeka sana, unayumba na ulimi mzito, taja lithiamu kabla ya kitu kingine chochote.

Klozapini (dawa ya saikosi, yaani kusikia au kuamini yasiyokuwepo). Ukiikosa zaidi ya saa 48 hairudishwi kwa dozi yako ya zamani. Huanzwa upya, miligramu 12.5, kisha inapandishwa taratibu, kwa sababu mwili umeshaisahau na presha inaweza kuporomoka. Watu huona aibu kusema wameacha dawa siku nne, wanasema "nameza kila siku", wanapewa dozi nzima na wanaanguka chooni. Sema ukweli.

Na hapohapo kuna jambo ambalo hata baadhi ya wahudumu hulipita: sigara. Moshi wa tumbaku huamsha kimeng'enya cha ini kinachovunja klozapini na olanzapini, dawa nyingine ya saikosi. Mvutaji mkubwa akilazwa wodi isiyoruhusu sigara, ndani ya wiki hivi dawa inaanza kujaa kwenye damu kwa dozi ile ile. Anasinzia mchana kutwa, mate yanamchuruzika, ndugu wanasema "wamemdunga sana". Kinachofanya hivyo ni moshi, siyo nikotini, kwa hiyo plasta ya nikotini inatuliza hamu tu na hairekebishi kiwango cha dawa. Taja idadi ya sigara kwa siku unapoingia, na kumbusha tena unapotoka, maana ukirudia kuvuta dawa itashuka.

Metadoni (dawa ya wanaoacha heroini). Hospitali haitakupa kwa neno lako, itapiga kwanza kwenye kituo unachochukulia. Njoo na jina la kituo na saa zake. Ukifika Ijumaa jioni kituo kimefungwa, umejitafutia wikiendi ngumu.

Dawa za kifafa, kisukari, presha, virusi vya UKIMWI. Watu huziacha nyumbani wakidhani "nimekwenda kwa ajili ya akili". Wodi ya akili huenda haina stoo ya dawa hizo. Beba za wiki angalau. Mitishamba nayo itajwe, jina lolote unalolijua.

#3 Mpitanjia

Swali fupi. Mtu akienda amelewa, wanampokea? Maana wengine ndiyo wanapata ujasiri wa kwenda wakiwa wamekunywa.

#4 NesiWaZamu

Mpitanjia, atapokelewa dharura, ila hatasaini kulazwa kwa hiari wakati huo. Ridhaa ya mlevi si ridhaa. Atakaa chini ya uangalizi mpaka pombe ishuke, kisha ataulizwa upya, na hapo majibu mara nyingi hubadilika. Anayeongozana naye ajue kuna kusubiri kwa saa nyingi, asimtelekeze.

Kubwa zaidi ni kwa mnywaji wa kila siku. Usiache pombe ghafla nyumbani ili "ufike ukiwa safi". Kutetemeka na jasho huanza saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho, degedege huja ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuchanganyikiwa kule kwa kuona wadudu ukutani huja kati ya saa 48 na 96, nako kunaua. Hayo hutibiwa hospitali kwa dawa za jamii ya diazepamu zinazopunguzwa kwa ratiba, pamoja na vitamini B1 ya sindano, ambayo hutangulia dripu ya sukari. Kwa hiyo sema unakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Wengi hutaja nusu ya kweli, kisha siku ya pili usiku wodi nzima inahangaika.

Wanaotumia diazepamu au dawa nyingine za usingizi kila siku kwa miezi, ni hivyohivyo. Hazikatwi siku moja.

#5 Kifungu

Upande wa sheria. Kila nchi ina sheria yake ya afya ya akili na nawashauri msome ya kwenu, hasa sehemu inayohusu "mgonjwa wa hiari". Lakini mifupa inafanana. Azimio 46/119 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la tarehe 17 Desemba 1991, linasema aliyeingia kwa hiari ana haki ya kuondoka wakati wowote isipokuwa pale anapokuwa ametimiza vigezo vya kuzuiliwa kwa lazima, na kwamba haki hiyo lazima aambiwe. Tena: *aambiwe*. Kama hujaambiwa, uliza kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Kipengele cha "isipokuwa" ndicho kinachowaponza watu. Ukiomba kutoka na daktari akaona bado kuna hatari, sheria nyingi humpa muda mfupi wa kukuzuia ili ufanyiwe tathmini. England na Wales, kwa mfano, daktari anaweza kumzuia mgonjwa wa hiari hadi saa 72, na muuguzi mwenye sifa hadi saa 6 wakati daktari anatafutwa. Kwingine ni tofauti. Kwa hiyo maswali ya kuuliza mapokezi ni haya: nikitaka kuondoka namwandikia nani? Mnaweza kunizuia kwa muda gani? Nani anaamua, na ninapinga wapi?

Pili, tofautisha fomu. Kukubali kulazwa ni jambo moja, kukubali matibabu ni jingine. Saini ya kulazwa haimpi mtu ruhusa ya kukufanyia lolote. Matibabu ya umeme chini ya usingizi yana fomu yake peke yake, na utafiti wowote una fomu yake. Ukipewa rundo la karatasi ukaambiwa "saini hapa na hapa na hapa", simamisha. Soma kila moja, omba nakala.

Tatu, uwezo wa kuamua. Hupimwa kwa mambo manne: unaelewa unachoambiwa, unakikumbuka kwa muda wa kutosha, unaweza kupima faida na hasara, na unaweza kueleza uamuzi wako. Kuwa na ugonjwa hakukuondolei uwezo huo. Lakini mtu asiyekuwa nao akisainishwa, hiari hiyo ni ya jina tu. Mahakama ya Juu ya Marekani ililigusa hili mwaka 1990 katika kesi ya Zinermon dhidi ya Burch: mtu aliokotwa akitangatanga kandokando ya barabara Florida, amechanganyikiwa, anadhani yuko mbinguni, akasainishwa fomu za hiari na kukaa hospitalini miezi mitano bila kusikilizwa na chombo chochote. Mahakama ikakubali kuwa ana haki ya kushtaki. Ndugu wanaopenda njia ya mkato, hapo pana funzo: kama mgonjwa haelewi alipo, njia sahihi ni ile ya lazima, kwa sababu ina hakimu au bodi ya kuiangalia. Ile ya hiari haina mtu wa kuikagua.

Na ule mtindo wa "saini mwenyewe ama tukulaze kwa nguvu" nao si hiari. Ukiambiwa hivyo, omba iandikwe kwenye faili kuwa ndivyo ulivyoambiwa.

#6 Kibatari

Kifungu, umenitia hofu badala ya kunitoa. Kwa maelezo haya, mtu akisema wazi kuwa anawaza kufa si ndiyo amejifungia mwenyewe? Bora anyamaze.

#7 TabibuK

Kibatari, hoja yako ni ya wengi, ngoja niijibu kwa kirefu kidogo.

Daktari haulizi swali moja la "unataka kufa?" akamaliza. Anashuka ngazi. Unatamani ulale usiamke? Umewahi kuwaza kujiua? Umewaza kwa njia gani? Una hiyo nyenzo karibu? Umepanga lini? Nini kimekuzuia mpaka leo? Anayetamani asiamke lakini hana mpango, ana watoto anaowataja, na ana dada wa kukaa naye, mara nyingi anarudi nyumbani na mpango wa usalama. Mwenye mpango, nyenzo na tarehe analazwa. Na anayekubali kulazwa mwenyewe, kwa kawaida hakuna sababu ya kumhamishia kwenye njia ya lazima. Njia hiyo inashikwa pale mtu anapokuwa hatarini na wakati huohuo anakataa msaada. Kwa hiyo ukweli ukiambatana na "nimekuja nisaidiwe" unaisogeza hali yako upande wa hiari.

Kunyamaza kuna gharama yake. Unapangiwa uangalizi wa chini, unapewa dawa za mwezi mzima mkononi, unalala chumba cha mbali na meza ya manesi. Yote yamepangwa kwa maelezo uliyoyatoa wewe.

Sasa vipimo. Wagonjwa hulalamika, "nimekuja na mawazo, mnanitoa damu ya nini?" Ni kwa sababu magonjwa ya mwili huvaa sura ya ugonjwa wa akili. Sukari iliyoshuka, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, tezi ya koo iliyozidi au kupungua kazi, jeraha la kichwa, maambukizi ya mkojo kwa mzee. Kanuni ya mkononi: mtu aliyebadilika ghafla ndani ya saa au siku chache, ana homa, fahamu zinakuja na kupotea, au anaona vitu zaidi ya kusikia sauti, huyo apelekwe hospitali ya kawaida kwanza. Akifichwa wodi ya akili na homa ya uti wa mgongo, tumempoteza.

Vya kawaida ni picha kamili ya damu, figo, ini, chumvi za damu, sukari, tezi, mkojo kwa dawa za kulevya, ujauzito kwa mwanamke aliye kwenye umri wa kuzaa, na kipimo cha umeme wa moyo, kwa sababu dawa za saikosi kama haloperidoli hurefusha sehemu fulani ya mpigo wa moyo. Ukiwa na majibu ya karibuni, beba, utaokoa muda na kutobolewa tena.

Mama aliyejifungua karibuni namtenga. Kukosa usingizi kabisa, kuchanganyikiwa, kuwa na imani za ajabu kuhusu mtoto, hasa ndani ya wiki mbili za kwanza, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, haingoji kliniki ya Jumatatu. Uliza kama kuna wodi inayopokea mama pamoja na mtoto, na taja kuwa ananyonyesha kabla dawa haijaandikwa.

#8 NesiWaZamu

Nirudi wodini, maana saa za kwanza ndizo zinazowavunja watu moyo.

Mkoba wako utapekuliwa mbele yako. Mkanda, kamba za viatu, kamba ya kofia ya sweta, wembe, vioo, chupa za glasi, kiberiti, marashi yenye spiriti, hata dawa ya kusukutua mdomo yenye alkoholi, vitawekwa kando. Chaja ya simu mara nyingi nayo. Utaratibu huu ni wa wodi nzima. Hata kama wewe huna mawazo hayo, kitanda cha pili anaweza kuwapo mwenye nayo. Njoo na nguo za mpira kiunoni, ndala au viatu vya kutumbukiza, sabuni na mafuta kwenye vichupa vya plastiki, miwani yako, kitabu, na namba za simu *kwenye karatasi*, kwa sababu simu ikichukuliwa hakuna anayekumbuka namba ya mtu siku hizi.

Vitu vya thamani viache nyumbani. Ulivyokuja navyo vitaandikwa kwenye daftari la mali na utasaini. Utaona nesi anaandika "pete moja ya madini ya njano" badala ya dhahabu. Usigombane naye, hana mizani ya sonara, anaandika anachokiona. Wewe angalia idadi na alama, mfano jiwe limetoka au kuna mkwaruzo.

Kisha presha, joto, uzito, na utapangiwa kiwango cha uangalizi: kila saa, kila dakika 15, au mtu wa kukaa nawe muda wote hadi mlango wa choo. Usiku nesi atapita na tochi. Anatakiwa amulike kifuani aone unapumua, siyo usoni. Akikuamsha kila raundi, mwambie asubuhi, linarekebishika.

Mlango wa wodi huenda ukawa umefungwa hata kwa waliojileta. Uliza tangu mwanzo utaratibu wa kutoka kwenda bustanini. Na siku mbili za kwanza huwa zimepooza, hasa ukiingia Ijumaa: dawa, chakula, kusubiri. Timu kamili huiona siku ya raundi. Andika maswali yako matatu, yale muhimu, kwa sababu utakaa mbele ya watu wengi na muda ni mfupi.

#9 DoziKamili

Naongezea kwenye hizo siku za kwanza. Ukichomwa au kupewa haloperidoli na jamaa zake, kuna mambo matatu ya kuita nesi mara moja.

Shingo kupinda, macho kubaki yametazama juu, ulimi au taya kukaza: ni misuli imeshikwa na dawa, huja ndani ya saa au siku chache, zaidi kwa vijana wa kiume. Inatisha, lakini sindano ya prometazini au dawa nyingine ya kundi hilo huifungua ndani ya dakika. Usiingoje raundi.

Kushindwa kutulia, miguu inataka kutembea tu, ukikaa unahisi unawaka ndani. Hii ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote: huonekana kama ugonjwa umezidi, mtu anaongezewa dozi ileile inayomsumbua. Sema hivi: "hali hii imeanza baada ya dawa, sikuwa nayo nilipoingia."

Homa kali, mwili mgumu kama ubao, jasho na kuchanganyikiwa kwa pamoja: dawa isimamishwe, daktari aitwe muda huohuo. Ni nadra, ila inaua.

Dawa za sonona ni habari nyingine. Huchukua wiki mbili hadi nne kuonyesha kazi, kwa hiyo usitarajie kutoka wodini umepona. Utatoka ukiwa salama zaidi, dawa ikiwa njiani.

#10 BiUstawi

Wapendwa, mmesahau nyumbani. Watu wengi hutoroka wodini siku ya tatu kwa sababu ya kodi ya nyumba au mtoto, siyo kwa sababu ya dawa.

Kabla ya kuingia, kama hali inaruhusu hata saa moja: mtoto abaki na nani, kwa jina, na huyo mtu aambiwe ni kwa siku kadhaa na siyo "jioni narudi". Mifugo na funguo. Malipo yanayoangukia wiki hizi mbili. Kazini, toa taarifa fupi: umelazwa, utaleta cheti. Hulazimiki kutaja wodi. Mwombe daktari aandike cheti kinachosema ulilazwa kuanzia tarehe fulani hadi fulani bila kutaja jina la ugonjwa. Angalia pia kichwa cha barua. Kama kinatangaza ni hospitali ya aina gani, uliza kama kuna kingine.

Wenye bima, uliza kama lazima iidhinishe kabla, inalipa siku ngapi za wodi ya akili, na kama dawa za kuondoka nazo zimo. Wasio na bima waulize amana na gharama ya siku, na kama kuna ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini. Mwone huyo siku ya kwanza, usingoje siku ya bili.

Halafu siri. Andika majina ya wanaoruhusiwa kupewa taarifa zako, na wasioruhusiwa. Usipoandika, nesi wa zamu ya jioni hajui kuwa yule anayejiita mume mliachana.

#11 Mpitanjia

Na kutoka? Mtu akiona amepata nafuu, au amechoka tu.

#12 Kifungu

Andika ombi, karatasi moja, jina, tarehe *na saa*, mkabidhi nesi wa zamu, omba saini ya kupokea au nakala. Saa ni muhimu, kwa sababu muda wa kukuzuia kisheria huhesabiwa kuanzia mahali fulani. Ombi la mdomo usiku wa manane hupotea kwenye makabidhiano ya zamu.

Daktari akikubali lakini hapendi, utapewa fomu ya kuondoka kinyume cha ushauri wa daktari. Hiyo inaandika tu kuwa ulielezwa hatari. Haikuondolei haki ya kurudi, na haimwondolei daktari wajibu wa kukupa dawa na tarehe ya kliniki. Omba vyote viwili.

#13 TabibuK

Na hata ukiruhusiwa kwa amani, ujue wiki za mwanzo baada ya kutoka, hasa ile ya kwanza, ndizo zenye hatari kubwa ya mtu kujiua. Kwa hiyo tarehe ya kliniki iwe ndani ya siku 7. "Utarudi mwezi ujao" ikatae. Ondoka na muhtasari wa matibabu ulioandikwa, orodha ya dawa zilizoachwa na zilizoanzishwa (nyumbani bado una pakiti za zamani, utachanganya), na akiba ya dawa ya kufika tarehe hiyo. Vidonge vya wiki moja moja ni salama kuliko vya miezi miwili.

#14 Kibatari

Nimeelewa. La mwisho: umefika, umeeleza kwa hesabu kama alivyosema nesi, wanakwambia hakuna kitanda. Unafanyaje?

#15 NesiWaZamu

Kwanza uliza: ni *hakuna kitanda* au ni *huhitaji kitanda*? Majibu yanafanana mdomoni lakini yana njia tofauti. Kama ni hakuna, wao ndio wapige simu hospitali nyingine na kukuandikia rufaa, usizunguke mwenyewe na karatasi. Kama ni huhitaji, na wewe unaona hawajakuelewa, omba daktari mwingine akuone, au mtu uliyekuja naye aongee. Mara nyingi ndugu anasema kwa dakika mbili yale mgonjwa ameyameza.

Ikishindikana yote, usitoke pale bila vitu hivi: maandishi ya tathmini, dawa za siku chache tu, tarehe ya kurudi ndani ya siku mbili tatu, jina la mtu atakayelala nyumba moja nawe, na dawa zote za ndani ya nyumba zikae kwake yeye. Mwambie daktari akuandikie dalili zitakazokurudisha usiku huohuo bila miadi. Ukizipata, rudi dharura na karatasi ile ile mkononi. Safari ya pili faili lako lipo tayari, na daktari wa zamu anasoma kuwa mwenzake aliandika urudi.